Mkate, Mafuta na Moshi: Maandamano ya Ushuru Kenya na Namna Yalivyosimuliwa

Jumanne ya Juni 25, 2024, wabunge 195 wa Bunge la Kitaifa la Kenya waliunga mkono Mswada wa Fedha na 106 wakaupinga. Muda mfupi baada ya kura hiyo waandamanaji waliingia katika eneo la Bunge, sehemu ya jengo ikashika moto, na watu wakauawa kwa risasi barabarani nje yake. Tangu saa hiyo picha zilizozunguka dunia zilikuwa za moshi, vioo vilivyovunjika na wabunge wakitoroshwa. Mswada wenyewe, ule uliowatoa watu nyumbani, ukasukumwa hadi aya za mwisho za habari.

Hilo halikuwa jambo la siku moja. Maandamano ya ushuru nchini Kenya huanzia kwenye bei ya kitu dukani, lakini yakishafika kwenye runinga yanageuka kuwa habari ya upinzani dhidi ya serikali: nani yuko nyuma yake, nani anayafadhili, nani atakutana na nani. Madhara yake yanazidi makosa ya uandishi. Mgogoro ukishaitwa wa vyama, vyama ndivyo huutatua, na ushuru unabaki palepale ukisubiri mwaka ujao. Ili kuliona hilo inabidi tuanze pale waandamanaji walikoanzia, yaani kwenye hesabu.

Mswada ulisema nini

Serikali ilitaka kukusanya takriban shilingi bilioni 346 za ziada. Baadhi ya mapendekezo yalieleweka na kila mtu mara moja. Mkate wa kawaida, ambao ulikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia sifuri, ungepanda hadi asilimia 16. Mkate wa shilingi 65 ungefika kama 75. Mafuta ya kupikia yangewekewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, na kwa kuwa mafuta hayohayo ndiyo malighafi ya sabuni, mzigo ungeingia jikoni na bafuni kwa pamoja. Kulikuwa pia na ushuru wa mazingira kwa bidhaa kama nepi, sodo, betri na simu.

Mapendekezo mengine yalihitaji mtu akae chini na kalamu. Ushuru wa magari uliwekwa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, usipungue shilingi 5,000 wala usizidi 100,000. Gari la shilingi 800,000 lingelipiwa 20,000. Sasa angalia pande mbili za kipimo hicho. Gari kuukuu la shilingi 100,000 lingelipiwa 5,000, ambayo ni asilimia 5 ya thamani yake. Gari la milioni 20 lingelipiwa 100,000, yaani nusu ya asilimia moja. Mwenye kidogo angelipa mara kumi zaidi kwa kila shilingi ya mali yake. Isitoshe, ushuru ungekusanywa na kampuni za bima wakati wa kukata bima, na bima ya mtu wa tatu haihitaji gari kufanyiwa tathmini. Nani angepanga thamani, na kwa gharama ya nani? Hilo ni swali la mtu aliyeusoma mswada.

Kifungu kilichowatisha mawakili kuliko vyote hakikuwa na bei. Kilitaka kuifungulia Mamlaka ya Ushuru mlango katika Sheria ya Ulinzi wa Data, ili iweze kufikia taarifa za watu kwa ajili ya kukadiria kodi bila vizuizi vya kawaida vya sheria hiyo.

Si kila kilichosambaa kuhusu mswada kilikuwa sahihi, na anayejali jambo hili lazima aseme hivyo. Ushuru wa kutuma pesa kwa simu ulipendekezwa upande kutoka asilimia 15 hadi 20. Wengi walielewa kwamba ukituma shilingi 1,000 serikali itachukua 200. Sivyo. Asilimia hiyo hukatwa kwenye ada, haigusi kiasi kinachotumwa. Ada ikiwa shilingi 100 kabla ya ushuru, ongezeko ni shilingi 5. Bado ni mzigo kwa mama mboga anayepokea malipo madogomadogo kutwa nzima, lakini ukipinga kwa hesabu mbaya unampa waziri nafasi ya kukusahihisha hadharani na kuyapita maswali mengine tisa uliyouliza vizuri.

Jinsi ya kuusoma

Mswada wa Fedha haukuandikwa usomwe peke yake. Ni orodha ya marekebisho: futa neno hili katika sheria ile, weka lile, ondoa aya fulani ya jedwali fulani. Kwa hiyo kwanza fungua sheria mama kando yake. Zile zinazoguswa karibu kila mwaka ni Sheria ya Kodi ya Mapato, Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2013, Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 na Sheria ya Ada na Tozo Mbalimbali ya 2016. Mwishoni mwa mswada kuna maelezo ya madhumuni, na humo kila kifungu kinaelezwa kwa lugha nyepesi kidogo. Anzia hapo, lakini usiishie hapo, kwa sababu maelezo huandikwa na anayetaka mswada upite.

Kisha tazama majedwali. Katika sheria ya kodi ya ongezeko la thamani, Jedwali la Kwanza lina bidhaa zilizosamehewa kodi na Jedwali la Pili lina zile za asilimia sifuri. Masikio huyasikia haya mawili kama kitu kimoja, na hapo ndipo watu hupotezwa. Bidhaa ya asilimia sifuri humruhusu mtengenezaji kurudishiwa kodi aliyolipa kwenye umeme, vifungashio na usafiri. Bidhaa iliyosamehewa haimruhusu, kwa hiyo anaiongeza kwenye bei. Ukisikia waziri akitangaza kuwa bidhaa fulani “imesamehewa”, angalia ilitoka jedwali gani. Ikiwa ilitoka la pili kwenda la kwanza, bei yake itapanda ingawa tangazo linasikika kama zawadi.

La mwisho ni kifungu cha kwanza chenyewe, kinachotaja tarehe za kuanza: vifungu vingine Julai 1, vingine Septemba, vingine Januari. Ushuru wa Januari mara nyingi hauandamani na kelele, kwa sababu ukiwa mwezi Juni, Januari inaonekana iko mbali.

Mwaka 2024 kazi hii ilifanywa na watu ambao hakuna aliyewatuma. Vijana walichambua vifungu kwenye TikTok na kwenye mijadala ya sauti ya X, wakavitafsiri kwa Kiswahili, Kikuyu, Dholuo na lugha nyingine, na kuna waliotengeneza programu ya akili mnemba iliyojibu maswali kuhusu mswada. Walisambaza nambari za simu za wabunge, na wapiga kura wakawaandikia ujumbe mmoja mmoja: je, utapiga kura gani? Wakristo na wasio Wakristo walimwita Rais William Ruto kwa jina la Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye mkuyu, na mtaani ikawa wimbo: Zakayo shuka. Elimu ya uraia ya namna hii haikuwahi kuonekana Kenya kuhusu sheria ya fedha, na ilistahili kuwa ndiyo habari kubwa ya mwezi huo.

Njia ya mswada, na mahali inapozibwa

Waziri wa Fedha hutakiwa kuwasilisha mswada bungeni kufikia Aprili 30, na Bunge liupitishe kwa wakati ili upelekwe kwa Rais kufikia Juni 30. Ukishasomwa mara ya kwanza huenda kwa Kamati ya Fedha, ambayo huita maoni ya umma kama Kifungu cha 118 cha Katiba kinavyotaka. Maoni yenye uzito huandikwa katika safu nne: kifungu namba ngapi, mswada unasema nini, unapendekeza maneno gani badala yake, na kwa sababu gani. Barua ya “tunapinga kodi zote” itahesabiwa kuwa imepokelewa na haitabadilisha nukta. Barua inayosema kifungu fulani kinaondoa mkate kwenye Jedwali la Pili, na kuambatisha hesabu ya gharama ya kiwanda kidogo cha mikate, huweza kunukuliwa katika ripoti ya kamati, na kilichonukuliwa humo ndicho wakili atakachobeba mahakamani.

Baada ya ripoti huja kusomwa mara ya pili, ambako wabunge hupiga kura juu ya mswada kwa jumla. Juni 20, 2024 kura hiyo ilikuwa 204 kwa 115. Kinachofuata ni Kamati ya Bunge Zima, na hapa kila kifungu huweza kufutwa peke yake. Ukitaka kumshinikiza mbunge wako afute kitu kimoja, hii ndiyo saa yake, na hudumu muda mfupi tu. Kusomwa mara ya tatu hufuata papo hapo. Rais ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha na sababu zake, na Bunge huhitaji theluthi mbili ya kura ili kumpinga.

Njia huzibwa na ufupi wa muda. Wiki chache hazitoshi kuchambua marekebisho ya sheria nyingi kwa pamoja, na vikao vya kamati katika kaunti huwa vichache. Pia hakuna anayelazimika kukueleza kwa nini hoja yako ilitupwa. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, ikisema kati ya mengine kwamba Bunge lilipaswa kutoa sababu za kukataa maoni ya wananchi. Oktoba 29 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo, sheria ikarudi na sharti hilo likaondoka. Anayeuliza kwa nini watu waliacha barua wakaenda barabarani ajue kwamba wengi walishaandika barua.

Mwaka uliotangulia

Ili kuona habari zilivyofanya kazi, linganisha na 2023. Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliongeza kodi ya mafuta ya gari kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuleta makato ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Watu waliandamana, wengine na sufuria tupu kichwani. Lakini maandamano yaliitishwa na kiongozi wa upinzani Raila Odinga na muungano wake wa Azimio, na madai ya gharama ya maisha yakachanganywa na madai ya matokeo ya uchaguzi wa 2022. Vyombo vya habari vilipata hadithi vinayoijua kwa moyo: Raila dhidi ya Ruto. Kila jioni kulikuwa na msemaji wa huku na msemaji wa kule, na katikati mtangazaji. Waliopigwa risasi Julai ile waliitwa wafuasi wa upinzani, kana kwamba kadi ya chama ndiyo iliyowatoa nyumbani na si bei ya unga.

Hadithi ikaisha kama hadithi za vyama zinavyoisha. Agosti 2023 pande mbili zilikaa katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, kwa mazungumzo. Kodi ya mafuta ya asilimia 16 haikuondoka.

Mwaka 2024 waandamanaji walilijua hilo, ndiyo maana walisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Lilikuwa jibu la makusudi kwa namna habari zinavyotengenezwa: asiyekuwepo hawezi kununuliwa, na hawezi kuitwa Ikulu kwa chai. Kwa wiki moja vyombo vya habari vilihangaika, kwa sababu chumba cha habari kimejengwa juu ya msemaji. Nani tumwite studioni? Nafasi iliyobaki wazi ilijazwa na maneno ya serikali. Kwanza dhihaka: walikuwa watoto wa mabwanyenye wenye simu ghali wanaokuja kwa teksi na kurudi kula kuku. Kisha shaka: mbunge mmoja alidai bungeni kwamba picha za umati zilikuwa za kughushi. Baada ya Juni 25 Rais alisema maandamano yametekwa na wahalifu na kuyaita usaliti, na katikati ya Julai akaitaja Ford Foundation, shirika la Marekani, kuwa mfadhili wa vurugu. Shirika hilo lilikanusha.

Huu ni mtiririko wa zamani. Machi 1922, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi wakitaka Harry Thuku, mwanaharakati aliyepinga sera za wakoloni, aachiliwe. Madai yake yalikuwa kodi ya kibanda, iliyokuwa imefikishwa shilingi 16, pamoja na kipande, yaani kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba, na mishahara iliyokatwa. Askari walifyatua risasi, na hesabu rasmi ikawa watu 21. Serikali ya kikoloni ililieleza jambo hilo kama uchochezi wa mtu mmoja, ikampeleka uhamishoni Kismayu. Kodi ilishushwa hadi 12, maana ndani ya ofisi walijua vizuri watu walikuwa wanalalamikia nini.

Sentensi za taarifa ya saa moja

Mtu anayetaka kupima namna maandamano yanavyosimuliwa aanze na vitenzi. “Watu watatu walipoteza maisha katika makabiliano” ni sentensi isiyo na mwenye bunduki. “Waandamanaji walirusha mawe na polisi wakalazimika kutumia vitoa machozi” inampa mmoja hiari na mwingine ulazima, na inapanga nani alianza ingawa mwandishi pengine alifika baada ya yote mawili. Andika habari hiyohiyo kwa mpangilio wa saa: saa tano na nusu kikosi kilifyatua mikebe ya gesi kwenye makutano fulani, saa sita kasoro mawe yakarushwa, au kinyume chake kama ndivyo ilivyokuwa. Saa inamlazimisha mwandishi kujua.

Angalia pia nani ametajwa kwa cheo na nani ametajwa kwa umri. Waziri ni waziri, msemaji wa polisi ni msemaji wa polisi, lakini mhasibu wa miaka 27 aliyeandamana anaitwa “Gen Z”. Mtu aliyesomea kodi chuoni na kuchambua vifungu kumi anabaki kuwa rika. Sina ugomvi na vijana kujiita hivyo, wamejiita kwa fahari. Tatizo ni pale jina la rika linapotumiwa kufuta hoja.

Idadi ya umati ni mahali pengine pa kupotezea watu. Njia ya kukadiria inajulikana: pima eneo, zidisha kwa msongamano. Barabara yenye upana wa mita 20 iliyojaa kwa urefu wa mita 300 ni mita za mraba 6,000. Watu wanaotembea kwa nafasi ni kama mmoja kwa kila mita ya mraba, na waliosimama wakibanana ni wanne. Hiyo ni kati ya 6,000 na 24,000. Mwandishi anayesema “maelfu” na anayesema “mamia” wote wawili wangeweza kupima kwa dakika tano wakiwa na ramani ya simu. Makosa hutokea umati unapotembea, kwa sababu watu walewale huhesabiwa kwenye barabara ya Kimathi na tena kwenye Kenyatta Avenue, na picha za lenzi ndefu huwabana watu wakaonekana wengi kuliko walivyo. Dhidi ya madai kwamba picha ni za kughushi, dawa ni alama za mji: jengo la Kumbukumbu za Taifa, sanamu ya Tom Mboya, kituo cha Kencom, na vivuli vinavyolingana na saa iliyotajwa.

Hesabu ya waliokufa ilikuwa nzito zaidi. Rais alipohojiwa Juni 30 alitaja watu 19. Siku iliyofuata Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikatoa 39 waliouawa na 361 waliojeruhiwa tangu Juni 18. Tofauti kama hii hutokana na mambo yanayoweza kuchunguzwa: umehesabu kuanzia siku gani, umehesabu Nairobi peke yake au kaunti zote, umeuliza hospitali tu au na vyumba vya maiti, na aliyefariki siku tano baadaye wodini umemweka wapi. Chombo cha habari kinachotoa namba mbili bila kueleza tofauti yake kinamwachia msomaji achague kwa chama chake.

Kwa nini vyombo huogopa

Waandishi wengi walifanya kazi kubwa na baadhi yao waliumia. Wakuu wao hupimana na nguvu tatu. Ya kwanza ni matangazo ya biashara. Serikali ni mteja mkubwa na hulipa madeni yake polepole. Juni 2023 waziri wa biashara Moses Kuria alitishia hadharani kwamba afisa atakayeweka tangazo na Nation Media atafutwa kazi. Machi 2024 taasisi za umma ziliagizwa kupeleka matangazo yao ya utangazaji KBC, shirika la serikali.

Ya pili ni leseni. Januari 30, 2018 Raila alipojiapisha Uhuru Park, NTV, KTN News na Citizen zilizimwa kwa siku kadhaa. Machi 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ilitishia vituo sita kwa kurusha maandamano moja kwa moja, hadi Mahakama Kuu ikaizuia. Juni 25, 2024 KTN ilisema imetishwa kwamba itafungwa, na jioni hiyo intaneti ikadorora nchi nzima, siku moja tu baada ya Mamlaka kusema haina nia ya kuizima.

Ya tatu ni mazoea, na kwangu hii ndiyo kubwa. Mwandishi wa siasa hukaa na wanasiasa. Mwandishi wa uchumi anayejua Jedwali la Pili hukaa dawati lingine, na siku ya maandamano anayetumwa barabarani ni wa siasa au wa uhalifu. Chumba cha habari kikiwaweka wawili hao pamoja kwenye habari moja, swali la kwanza kwa mwandamanaji litakuwa “kifungu gani kimekuleta?” Wengi wangelijibu kwa namba.

Notisi, simu na karatasi

Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla, ikiwa na jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na njia. Muda ni kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ni taarifa, si ombi la kibali, na habari zinaposema polisi “wamekataa kutoa kibali” zinatangaza mamlaka ambayo sheria haikuwapa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri. Mkuu wa kituo akikataa kugonga, nenda na shahidi au wakili, tuma pia kwa barua pepe, na andika saa na jina la aliyekuwa zamu. Mwaka 2024 tatizo lilikuwa jingine: harakati isiyo na kiongozi haina wa kutia saini. Hiyo ilikusudiwa kuwakinga watu wasikamatwe usiku wa kuamkia maandamano, lakini iliipa serikali neno “haramu”. Naona mawakili au makanisa wangeweza kutia saini kwa ajili ya njia na muda tu, bila kudai uongozi.

Kwa anayerekodi: laza simu, anza na alama ya mji, taja mahali na saa kwa sauti, na shikilia picha moja angalau sekunde kumi kabla ya kuzunguka. Usivute sura za waandamanaji karibu. Miezi iliyofuata watu wengi walitekwa, na Tume ya Haki za Kibinadamu ilihesabu visa 82 tangu Juni hadi mwisho wa Desemba 2024. Hifadhi faili asilia, kwa kuwa WhatsApp huibana na kufuta taarifa zake za ndani. Itume kama hati. Ganda la risasi usiliokote, lipige picha ukiweka sarafu kando yake. Kazi hii huzaa matunda: uchunguzi wa BBC Africa Eye wa Aprili 2025 ulipitia zaidi ya picha na video 5,000 na kuwatambua maafisa waliofyatua risasi siku ile Bungeni.

Aliyejeruhiwa apewe nambari ya kitabu cha matukio kituoni, kisha fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ijazwe na daktari mapema kabla kidonda hakijapona. Kwa marehemu, familia iwe na daktari wake wakati wa upasuaji. Aliyekamatwa lazima afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa korti husogezwa hadi siku inayofuata ya kazi. Ndiyo sababu kukamatwa Ijumaa jioni ni adhabu ya siku tatu.

Baada ya moshi

Juni 26 Rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada, akapendekeza vifungu vyake vyote vifutwe. Julai 11 akalivunja baraza la mawaziri. Hapo kalamu za siasa zikarudi kwenye ardhi zinayoijua: nani ameachwa, nani ataingia. Kabla ya mwezi kwisha, John Mbadi, mwenyekiti wa ODM, chama cha Raila, aliteuliwa kuongoza Wizara ya Fedha, pamoja na wenzake watatu wa ODM katika wizara nyingine. Iliitwa serikali jumuishi na kuripotiwa kama suluhu. Waandamanaji walioangusha mswada hawakuwa na kiti wala hawakukiomba, na mtu aliyekuwa upande wa upinzani sasa ndiye angeandika mswada unaofuata.

Katikati ya Julai, wakati macho yakiwa kwenye baraza, tozo ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta, bila kuhitaji Mswada wa Fedha. Desemba 2024 sheria ya marekebisho ya kodi ilitiwa saini ikirudisha baadhi ya mapendekezo yaliyofutwa Juni, kati yake kodi kwa kampuni za kidijitali za ng'ambo zinazopata mapato Kenya. Hakukuwa na moshi, na habari zake zilikuwa fupi.

Mswada wa 2025 ulipokuja, kifungu cha data kilikuwemo kwa umbo jipya: kuondoa katika Sheria ya Taratibu za Kodi ulinzi unaoizuia Mamlaka ya Ushuru kudai siri za biashara na taarifa binafsi za wateja kutoka kwenye mifumo ya kampuni. Safari hii watu walikitambua haraka, wakakiandikia kamati kwa namba yake, na kamati ikapendekeza kitupwe. Juni 25, 2025, mwaka mmoja kamili baada ya Bunge kuvamiwa, watu waliandamana tena, Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza matangazo ya moja kwa moja yakome, na mitambo ya NTV, KTN na Citizen ikazimwa hadi Mahakama Kuu ilipolisimamisha agizo hilo. Watu wengine waliuawa. Kesho yake Rais alitia saini Sheria ya Fedha ya 2025, na kifungu cha data hakikuwemo.